Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maumbo, pembe, ujazo na majira ya nukta

Nafundisha tuisheni ya Hisabati jioni, darasa la sita hadi kidato cha kwanza. Maswali yaliyo hapa nayaulizwa na wanafunzi, mengine na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto, na machache na mafundi wa mtaani. Hayana mpangilio wa kitabu. Ruka uende kwenye lako.

Nikisoma swali la maumbo sijui nishike wapi. Naanza na nini?

Anza na mchoro. Hata kama kitabu kimeshakuchorea, chora wa kwako na uandike vipimo juu ya kila upande. Si lazima upendeze, lakini usidanganye: upande mrefu uonekane mrefu, na pembe mraba uitie kile kialama cha kisanduku.

Kisha jiulize unatafutiwa nini, na hapo sikiliza neno lenyewe kabla ya kukimbilia kanuni. Maneno ya hisabati ya Kiswahili yanajieleza. Eneo ni kuenea: uso umeenea kiasi gani. Mzingo ni kuzinga, neno la zamani kidogo la kuzunguka, kwa hiyo ni urefu wa safari ya kulizunguka umbo hadi ulipoanzia. Ujazo ni kujaa. Kipenyo kinapenya duara kikipitia katikati. Kiegama ni ule upande wa pembetatu mraba ulioegama, kama ngazi ilivyoegama ukutani. Na mche? Umewahi kutumwa dukani kununua mche wa sabuni. Basi unaujua mche mstatili, kilichobaki ni kuupima.

Mtoto anayeulizwa nyasi kiasi gani zitafunika uwanja, akajumlisha pande nne, kujumlisha anajua vizuri kabisa. Hakusikia neno "kufunika".

Mzingo na eneo vinanichanganya kila mara. Nitofautisheje?

Fikiria banda la kuku la mita 6 kwa mita 4. Wavu wa kulizungushia ni 6 + 4 + 6 + 4, yaani mita 20. Huo ni mzingo. Maranda ya kutandaza sakafuni yatafunika 6 × 4, yaani mita za mraba 24. Hilo ni eneo. Wavu unauzwa kwa mita, sakafu inafunikwa kwa mita za mraba.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Wavu uleule wa mita 20 unaweza kukupa mabanda tofauti sana. Ukijenga 5 kwa 5 unapata mita za mraba 25. Ukijenga 9 kwa 1 unapata mita za mraba 9, na hilo si banda tena, ni ujia. Katika mistatili yote yenye mzingo mmoja, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko mingine. Na ukiukunja wavu huohuo uwe duara, eneo linafika karibu mita za mraba 32. Waliojenga nyumba za msonge walipata nafasi kubwa ndani kwa ukuta mfupi.

Mita 1 ni sentimita 100. Kwa nini mita 1 ya mraba isiwe sentimita 100 za mraba?

Chora mraba wa mita 1 kwa mita 1, uugawe kwa visanduku vya sentimita 1. Upande mmoja vinakaa 100, na upande wa pili kuna safu 100. Jumla ni 10,000. Kwenye ujazo unaongeza upande wa tatu: mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwa fedha zangu. Chumba kilikuwa mita 4 kwa mita 3.6, eneo mita za mraba 14.4. Marumaru zilikuwa za sentimita 40 kwa 40. Nikagawanya 14.4 kwa 0.4, nikapata 36, nikanunua 36. Fundi alizipanga, zikaishia chini ya nusu ya chumba. Nilipaswa kugawanya kwa eneo la marumaru moja, ambalo ni 0.4 × 0.4 = 0.16. Hapo 14.4 ÷ 0.16 ni 90. Njia nyingine ambayo haidanganyi ni kuhesabu safu: mita 4 zinabeba marumaru 10, mita 3.6 zinabeba 9, basi 10 × 9. Fundi atakuambia uongeze chache za kukatwa na kuvunjika, na hapo yuko sahihi.

Kwa nini eneo la pembetatu lina nusu?

Kwa sababu pembetatu yoyote ni nusu ya umbo lenye pande nne. Kata karatasi mbili za pembetatu zinazofanana kabisa, geuza moja uibandike ubavuni mwa nyingine. Utapata msambamba, yaani pembenne ambayo pande zake zinazotazamana ni sambamba, na eneo la msambamba ni kitako mara kimo. Pembetatu moja inachukua nusu yake.

Tatizo la wengi haliko kwenye nusu, liko kwenye kimo. Kimo kinasimama wima juu ya kitako, kama mtu anavyopimwa urefu akiwa amesimama. Hatumpimi akiwa ameegama ukutani. Chukua pembetatu pacha yenye kitako sentimita 10 na pande mbili za sentimita 13. Anayezidisha ½ × 10 × 13 anapata 65, na amekosea, kwa kuwa 13 ni upande wa mshazari. Dondosha mstari wima kutoka kileleni: kitako kinagawanyika 5 na 5, na kimo kinakuwa √(13² − 5²) = √144 = 12. Eneo ni ½ × 10 × 12, sentimita za mraba 60.

Je, mraba ni mstatili?

Ndiyo. Mstatili ni pembenne yenye pembe mraba nne, na mraba anazo zote nne. Ana la ziada tu, kwamba pande zake zote ni sawa. Kila jogoo ni kuku, lakini si kila kuku ni jogoo.

Na trapeza?

Jumlisha pande mbili zilizo sambamba, gawanya kwa 2, zidisha kwa kimo. Pande za 8 na 14 na kimo cha 5 zinatoa 11 × 5 = 55. Unachofanya ni kutafuta upana wa wastani, kisha unalichukulia umbo kama mstatili wa upana huo.

Kwa nini mzunguko mzima una nyuzi 360 na si 100?

Tumerithi kutoka kwa Wababeli wa kale, waliokuwa wakihesabu kwa sitini-sitini. Ndiyo maana hata saa ina dakika 60. Na namba 360 ni mpole: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila kubakiza kitu. Jaribu kugawa 100 kwa 3 uone.

Robo ya mzunguko ni nyuzi 90, pembe mraba. Iliyo ndogo kuliko hapo ni pembe kali, na iliyo kati ya 90 na 180 ni pembe butu. Mstari ulionyooka ni nyuzi 180.

Swali la mishale ya saa linanitatiza. Saa mbili kamili, pembe kati ya mishale ni ngapi?

Hili ni tamu, maana linamtega Mswahili peke yake. Usoni mwa saa, kutoka namba moja hadi inayofuata ni 360 ÷ 12 = nyuzi 30. Mtoto anasikia "saa mbili", anazidisha 2 × 30, anaandika 60.

Lakini tazama ukutani. Tunaposema saa mbili asubuhi, mshale mfupi uko kwenye 8. Kutoka 12 hadi 8 kwa njia fupi ni hatua nne, yaani nyuzi 120. Saa tunayoitamka na namba inayoonyeshwa na mshale mfupi daima zinatazamana, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Kwa hiyo majibu mawili, la kutamka na la kutazama, hujumlisha nyuzi 180. Saa tatu pekee, pamoja na saa tisa, ndizo hazikutegi: kwa vyovyote unapata 90.

Soma swali linasema nini. Kama limechora saa, fuata mchoro. Kama limeandika kwa maneno, chora saa wewe, uweke mishale inapokaa kweli.

Pembe za ndani za pembetatu zinajumlisha 180. Nithibitisheje bila kukariri?

Kata pembetatu yoyote ya karatasi, zichane pembe zake tatu, uzipange ncha kwa ncha. Zitalala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Karatasi ya daftari na dakika mbili zinatosha, na hutasahau tena.

Ukishaijua hiyo, maswali mengi yanakuwa mepesi. Pembe za x, 2x na 3x? Jumla 6x = 180, kwa hiyo x ni 30, na pembetatu ni ya 30, 60 na 90. Pembetatu pacha yenye nyuzi 40 kileleni? Zinabaki 140, zigawane sawa, 70 na 70. Umbo lenye pande nyingi? Simama kwenye kona moja, chora mistari kwenda kona nyingine zote, uhesabu pembetatu zilizozaliwa: daima ni pungufu ya pande kwa mbili. Pembesita inazaa pembetatu 4, basi jumla ya pembe zake za ndani ni 4 × 180 = 720. Kama ni pembesita sawa, kila pembe ni 120.

Mistari sambamba ikikatwa na mstari mmoja, pembe zipi zinalingana? Na inanisaidia nini maishani?

Tafuta herufi. Ukiona Z, pembe mbili za kwenye mikunjo yake ni sawa. Ukiona F, pembe zilizo chini ya mikono yake miwili ni sawa. Penye X, pembe zinazotazamana ni sawa. Zile mbili zilizobanwa ndani upande mmoja, kama kwenye herufi U iliyolazwa, zinajumlisha 180. Geuza daftari kama herufi haionekani. Inaweza kuwa imepinduka.

Kuhusu maisha, nitakupa habari ya Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Alijua kwamba siku moja ya mwaka, adhuhuri, huko Syene, mji ambao leo ni Aswan, jua linakuwa utosini kabisa hata linaangaza chini ya kisima. Adhuhuri hiyohiyo huko Alexandria, upande wa kaskazini, vitu vilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya miale na kitu kilichosimama wima, akapata moja ya hamsini ya mzunguko, yaani nyuzi 7.2.

Sasa ingiza ile Z. Miale ya jua inatufikia ikiwa sambamba. Mstari unaotoka Alexandria kwenda kitovu cha dunia unaikata. Kwa hiyo pembe ya kivuli ni sawa na pembe ya huko kitovuni kati ya miji miwili. Kama nyuzi 7.2 ni moja ya hamsini ya duara, basi umbali kati ya miji ni moja ya hamsini ya mzingo wa dunia. Kwa vipimo vya leo umbali huo ni takribani kilomita 800, na 800 × 50 ni 40,000, ambao ndio mzingo wa dunia kwa makadirio. Aliipima dunia kwa kivuli na hesabu ya darasa la saba, bila kuondoka Misri.

Fundi wangu anasema "tatu nne tano" akiweka msingi. Anamaanisha nini?

Anatafuta skwea, yaani kona iwe pembe mraba kweli. Anapiga kigingi kwenye kona, anapima kwa futi kamba mita 3 kwenye kamba moja na mita 4 kwenye kamba ya pili, kisha anapima umbali kati ya alama hizo mbili. Ukiwa mita 5 kamili, kona imenyooka. Usipofika 5, pembe imebana. Ukizidi, imefunguka.

Ni kanuni ya Pythagoras ikitumiwa kinyumenyume: 3² + 4² = 9 + 16 = 25, na 25 ni 5². Kwenye msingi mkubwa mwombe atumie 6, 8 na 10, kwani kosa la sentimita moja juu ya mita 10 lina madhara madogo kuliko juu ya mita 5. Mwisho apime pia kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Nyumba ya mita 12 kwa mita 9 ikikaa vizuri, mishazari yote miwili itasoma mita 15. Mmoja ukisoma 15.1 na mwingine 14.9, zege lisimwagwe kwanza.

Kwenye swali la ngazi najumlisha au natoa?

Tazama nani ameegama. Ngazi yenyewe ndiyo kiegama, na kiegama ndicho kirefu kuliko pande zote. Ukitafuta kiegama, unajumlisha. Ukiwa nacho tayari, unatoa. Ngazi ya mita 5 imewekwa mita 1.4 kutoka ukutani. Inafika juu kiasi gani? 5² − 1.4² = 25 − 1.96 = 23.04, na kipeuo chake ni mita 4.8. Ungejumlisha ungepata ukuta mrefu kuliko ngazi inayoufikia, jambo ambalo fundi rangi hawezi kulikubali.

Nitumie pai ipi, 22/7 au 3.14?

Swali likikuelekeza, tii. Lisipokuelekeza, tazama nusu kipenyo: kikigawanyika kwa 7 (7, 14, 21, hata 0.7 au 2.1), tumia 22/7 ufute mapema. Vinginevyo 3.14. Zote mbili ni makadirio. 22/7 ni 3.142857..., imezidi kidogo sana, na 3.14 imepungua kidogo. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ndiye aliyeonyesha kwamba pai iko kati ya 223/71 na 22/7, na tumeishi na hiyo 22/7 tangu hapo.

Kinachowapotezea watoto alama ni kusoma kipenyo wakakitumia kama nusu kipenyo; pai haina hatia. Kila swali la duara likianza, andika pembeni r = ... kabla ya lolote. Duara la katikati ya uwanja wa mpira lina nusu kipenyo cha mita 9.15, si kipenyo. Mzingo wake ni 2 × 3.14 × 9.15, karibu mita 57.5. Eneo ni 3.14 × 9.15², karibu mita za mraba 263.

Chapati mbili za sentimita 14 na moja ya sentimita 20, ipi nyingi?

Aliniuliza mama mmoja muuza chapati, na tukabishana hadi tukachora. Eneo linafuata mraba wa nusu kipenyo. Kubwa: 10 × 10 = 100. Ndogo: 7 × 7 = 49, na mbili ni 98. Zizidishe zote kwa pai, ushindani haubadiliki: kama unene ni mmoja, chapati moja ya sentimita 20 inazidi kidogo mbili za sentimita 14. Wanunuzi wengi hawaamini, wanachagua mbili.

Ujazo una kanuni nyingi mno. Zipi ni za lazima?

Moja kubwa: eneo la kitako mara kimo. Inafanya kazi kwa kila mche, yaani kila umbo ambalo ukilikata kama unavyokata mche wa sabuni, kila kipande kinatoka na uso uleule. Kitako kikiwa mstatili, ni mche mstatili. Kikiwa pembetatu, kama hema la kambi, ni mche pembetatu. Kikiwa duara, ni mcheduara, kama pipa na tanki.

Tanki lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.5: nusu kipenyo ni 0.7, eneo la kitako ni 22/7 × 0.49 = 1.54, ujazo ni 1.54 × 1.5 = mita za ujazo 2.31. Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000, basi tanki linabeba lita 2,310, yaani ndoo za lita 20 mia moja na kumi na tano na nusu. Ukitaka tanki la upana mara mbili kwa kimo kilekile, usitegemee maji mara mbili. Yatakuwa mara nne, na simenti ya kulisimamishia nayo ifikiriwe hivyo.

Maumbo yenye ncha, pia na piramidi, ni theluthi ya mche wenye kitako na kimo hichohicho. Pia imepewa jina la ile pia ya kuchezea inayozungushwa kwa kamba. Usiniamini kwa mdomo: kunja pia ya karatasi ngumu na kopo la mcheduara vyenye mdomo na kimo sawa, ujaze mchele. Pia tatu zitajaza kopo.

Kanuni hii ina kazi mtaani. Lori likimwaga mchanga uwanjani, lundo linakaa umbo la pia. Pima kwa miguu kuzunguka au kwa kamba kupita chini, ukadirie kimo. Lundo la nusu kipenyo mita 2.1 na kimo mita 1.2 ni ⅓ × 22/7 × 4.41 × 1.2, karibu mita za ujazo 5.5. Dereva akikuambia ameleta mita za ujazo 8, una la kumuuliza.

Tufe, umbo la mpira, ni 4/3 × pai × r³. Hiyo ikariri tu.

Kwenye majira ya nukta, namba ipi inatangulia?

Majira ni namba mbili zinazosema nukta iko wapi: ya kulala, kisha ya kusimama. Unatembea ukumbini kwanza, ndipo unapanda ngazi. Nukta (3, 5): tembea 3 kulia kwenye mhimili wa x, panda 5. Nukta (−3, 5): tembea 3 kushoto, panda 5.

Tuchukue A(1, 2), B(9, 2) na C(9, 8). Zichore. AB imelala, urefu wake 9 − 1 = 8. BC imesimama, urefu wake 8 − 2 = 6. Kona ya B ni pembe mraba, kwa hiyo eneo ni ½ × 8 × 6 = vipimo vya mraba 24. Umbali kutoka A hadi C ni kiegama: √(64 + 36) = 10. Nukta ya katikati ya AC ni wastani wa x na wastani wa y: (5, 5). Kanuni ya umbali kati ya nukta mbili, inayowatisha watoto wa kidato cha kwanza, ni ile ngazi ya ukutani ikiwa imevaa nguo nyingine.

Angalia alama za kutoa. Kutoka (−3, 2) hadi (5, 2) ni 5 − (−3) = 8. Anayepata 2 amesahau kwamba njiani alipita sifuri.

Mbona namba za ramani ya simu zimegeuka?

Zimegeuka kweli. Ramani hutanguliza latitudo, yaani kaskazini au kusini, ambayo kwetu darasani ndiyo y. Dar es Salaam iko karibu na −6.8, 39.3: nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, nyuzi 39.3 mashariki. Ukiziandika kwa mpangilio wa darasani, 39.3 ikatangulia, simu itakupeleka magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Ekari ni hatua 70 kwa 70. Ni kweli?

Ni kweli kwa hatua, si kwa mita. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 × 70 ni 4,900. Hatua ya mtu mzima inakaribia yadi moja, sentimita 91 hivi, kwa hiyo makadirio ya wazee yana akili. Lakini siku hizi watu wanapima mita 70 kwa 70 na bado wanaiita ekari. Hizo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni karibu mita za mraba 4,047. Tofauti ni mita za mraba 853, viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji. Anayenunua atafurahi. Anayeuza shamba la ekari kumi kwa mtindo huo ametoa zaidi ya ekari mbili bure.

Wenzetu wa Kenya wana la kwao: ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa moja ya nane ya ekari. Ni futi za mraba 5,000, na moja ya nane kamili ni 5,445.

Mtoto alikuwa hodari darasa la saba. Kidato cha kwanza hisabati ni ya Kiingereza na ameporomoka. Nifanyeje?

Mara nyingi hesabu hajasahau, amepoteza majina yaliyokuwa yakimsaidia. Neno la Kiingereza la kiegama halimwambii kwamba kuna kitu kimeegama. Mpe daftari dogo: upande mmoja achore umbo na kuandika jina la Kiswahili, upande wa pili jina jipya. Maneno kama thelathini yanatosha kwa mada hizi zote. Na akifanya swali nyumbani, mwache afikiri kwa Kiswahili na kuandika jibu kwa Kiingereza. Hakuna msahihishaji anayeona ulifikiri kwa lugha gani.

Nitajuaje jibu langu si la ajabu, kabla mwalimu hajanisahihishia?

Lirudishe kwenye kitu unachokijua. Mlango una urefu wa mita 2 hivi, ndoo ina lita 20, pembe ya pembetatu haifiki 180. Mwanafunzi mmoja aliniletea lile tanki la kipenyo mita 1.4 akiwa ameandika jibu la mwisho: lita 2.31. Nikamuuliza kama hayo maji yatamtosha hata kunawa uso. Akalitazama jibu, akacheka, akachukua daftari lake kwenda kuzidisha kwa 1,000.